Damu ya Sajenti

Daktari Khainza tulimzika Jumamosi, chini ya mwamba wa Wanale, huko Mbale, kwenye shamba la baba yake, kati ya migomba na kahawa. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, udongo ukawa unashika viatu, kwa hiyo wasemaji walisimama kwa uangalifu na kusema bila uangalifu wowote. Mmoja alisema marehemu hakuwahi kukosea maishani. Mwingine, mzee mwenye tai nyekundu, akasema kile kitabu chake cha utafiti wa bakteria kingefaa kuwekwa mahali watoto wa shule wakione, maana ni kazi isiyo na doa. Nilikuwa nyuma kabisa, kwenye kiti cha plastiki ambacho mguu wake mmoja ulikuwa ukizama taratibu kwenye matope, na nikajikuta nacheka. Kitabu kile nakijua. Doa kinalo, na aliyelitia ni mimi. Mama mmoja aliyekaa karibu yangu akanipa kitambaa, akidhani nalia, nami nikakipokea na kumshukuru.

Nimestaafu mwaka wa pili sasa. Magoti yananidai kila ngazi niliyopanda, na macho niliyachosha kwenye hadubini. Nimefundisha vijana wengi kazi ya maabara, na kila kundi niliwaambia neno lilelile siku ya kwanza: kosa kwenye kitabu cha maabara halifutwi. Linapigwa mstari mmoja tu, ili kilichoandikwa kiendelee kusomeka, halafu pembeni unaandika sababu, tarehe na jina lako. Waliandika maneno hayo kwa bidii, wengine wakayapigia mstari. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kama mimi mwenyewe niliyafuata. Habari za nilikozaliwa na walionilea nitaziacha. Anayezitaka aulize mjini Jinja, Waislamu wa pale tunajuana mpaka vyungu vya jikoni. Mwaka ninaotaka kuusema ni mmoja, nilipokuwa na miaka ishirini na mitatu, na nimeubeba muda mrefu kuliko nilivyombeba mtoto wangu yeyote.

Maabara yetu ilikuwa vyumba viwili nyuma ya hospitali ndogo ya Jinja ambayo leo haipo tena. Chumba cha kwanza kilikuwa na meza ndefu, hadubini, taa ya spiriti, na kabati la joto la kuoteshea bakteria, lililonguruma mchana kutwa. Chumba cha pili kilikuwa cha friji na chai. Daktari Khainza alikuwa mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, na alikuwa akichunguza vidonda vya vitovu vya watoto wachanga. Watoto walikuwa wakija na vitovu vyekundu vinavyonuka, wengine wanapona, wengine hawaponi. Yeye alitaka kujua ni bakteria gani hasa, wanatoka wapi, na nini kinawazuia. Adui wake mkubwa alimwita bakteria wa mnyororo, kwa sababu chini ya hadubini wanajipanga kama shanga zilizotungwa. Ili kumwona bakteria huyo unahitaji kumwotesha kwenye kisahani chenye chakula kilichochanganywa na damu. Anapoota, anaila ile damu na kuacha duara angavu, na ukishaliona mara moja hulisahau.

Damu hiyo ndiyo iliyotuletea Sajenti. Maabara nyingine zilitumia damu ya watu iliyokwisha muda wake. Daktari alikataa. "Watu yetu wanakula dawa kama njugu," alisema. "Damu yao iko na dawa ndani. Utaotesha nini hapo?" Basi akanunua kondoo mmoja dume, mnene, mwenye sikio moja lililochanika, akamweka kwenye kibanda nyuma ya maabara. Aliyempa cheo alikuwa mlinzi wetu, tuliyemwita Afande. Afande alikuwa mwanajeshi wa zamani kutoka kaskazini, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini. Wauguzi wakikisikia tu walinyamaza, kwa kuwa katika nchi yetu watu wa umri fulani wakisikia Kiswahili kikali wanakumbuka bunduki. Kwa Sajenti lakini alikuwa mpole kama bibi. Alimpelekea maganda ya ndizi za matoke na kumpa taarifa za dunia kutoka kwenye redio yake ndogo. Kila baada ya wiki mbili tulimtoa Sajenti damu shingoni: Afande anashika miguu, mimi nachoma sindano, kisha naiweka damu kwenye chupa yenye shanga za kioo na kuitikisa mpaka mkono uume, ili isigande. Kisha tunampa Sajenti chumvi, naye anailamba akitutazama kana kwamba bado anatudai.

Sharti la Sajenti lilikuwa moja. "Huyu, dawa hapana," Daktari alituambia sote wawili. "Hata tone. Akigonjwa, niambie mimi. Akipata dawa, mwezi mzima hakuna kutoa damu." Nililielewa vizuri. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu wapo waliokosea kwa kutojua, na mimi si mmoja wao.

Mwanzo wa mvua za masika mama yake Daktari alizidiwa, naye akaenda Mbale kumwuguza. Aliniachia funguo, kitabu na kondoo. Kabla ya kuondoka alikuwa ameanzisha jambo jipya kwenye wodi ya wazazi: wakunga wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kumgusa kila mtoto, na mama wafundishwe vivyo hivyo. Mtungi wenye bomba ukawekwa mlangoni. Baadhi ya wauguzi waliguna, wakasema daktari huyu anawageuza wanafunzi wa chekechea, ila walinawa. Kazi yangu ilikuwa kuendelea kupokea vijiti vya pamba vyenye usaha, kuotesha, kusoma, na kuandika kitabuni nilichokiona. Kama bakteria wa mnyororo wangepungua, Daktari angekuwa amepata jibu la miaka yake mingi, na jibu lenyewe lingekuwa maji na sabuni tu.

Wiki ya pili ya safari yake Sajenti alianza kukohoa. Akaacha kula. Siku ya tatu alikuwa amelala ubavu, pua inamtoka, na Afande amechuchumaa karibu yake akiwa amezima redio. "Madam," aliniambia, "hii kondoo nakufa. Mimi najua hii kohoa. Kule jeshini mtu nakohoa hivi leo, kesho yeye hapana iko." Simu ya Mbale ilikuwa kwenye duka la jirani yao, na kila nilipopiga waliniambia Daktari yuko hospitali kwa mama yake. Nikaona picha yote: anarudi kutoka msibani, anakuta kondoo amekufa, kazi imesimama, na mimi nimesimama katikati nikiwa na funguo. Siku ile nilipokwenda wodini kuchukua vijiti, nikachukua na chupa moja ya penisilini, ile ya kukaa mwilini muda mrefu, nikamwambia muuguzi wa zamu ni ya koo langu. Nilimdunga Sajenti pajani mwenyewe. Afande alishika miguu. Kesho yake alisimama. Siku ya tatu alikula maganda ya Afande na karatasi ya gazeti, na Afande akanipigia saluti kamili.

Ningeishia hapo ningekuwa na kisa cha kuchekesha cha kuwasimulia wajukuu. Lakini siku ya nne visahani viliisha, na wodi ikaleta vijiti sita kwa mkupuo. Nilipaswa kusema hatuna. Nilipaswa kuandika kitabuni kwamba mwezi huu hakuna kazi. Badala yake nilifanya hesabu ya mvivu: damu ni kidogo, chakula ni kingi, dawa itachujuka, bakteria wakali hawatatishika na harufu. Nikamtoa Sajenti damu, nikamimina visahani sitini vyekundu, vizuri, bila povu hata moja. Navikumbuka vilivyopangwa kwenye friji, karibu na maziwa ya chai.

Ubaya wa kosa lile ni kwamba halikuonekana. Kama visahani vyote vingebaki vitupu, hata Afande angejua kuna tatizo. Lakini bakteria wengine waliota kama kawaida, wale sugu ambao penisilini kwao ni maji ya kunywa. Waliotoweka ni wale wa mnyororo peke yao, kwa kuwa ndio wanaoiogopa dawa ile hata ikiwa chembe. Wiki nzima hakuna. Wiki ya pili hakuna. Nikaandika kitabuni, mstari baada ya mstari, "hakuna wa mnyororo," na sitasema uongo, kwa siku kadhaa niliamini kabisa kwamba ni sabuni. Mtu akitaka jambo liwe kweli, haliombi cheti. Kisha akaja mtoto wa muuguzi mmoja, koo limejaa madoa meupe, homa, tezi zimevimba, ugonjwa ambao hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeutaja jina akiwa mlangoni. Kisahani chake kilitoka kisafi. Nilikishika kwenye mwanga wa dirisha, nikakigeuza huku na huku, nikajua ni damu ya Sajenti. Nikakata shauri kumwambia Daktari atakaporudi.

Alirudi siku mbili baadaye, asubuhi, akiwa bado na kitambaa cha msiba kichwani. Mama yake alikuwa amekufa. Aliketi kwenye kigoda, hakuomba hata maji, akavuta kitabu na kuanza kushusha kidole chake kwenye kurasa. Nilikuwa nimesimama, maneno yako mdomoni yamepangwa tayari. Kidole kilishuka, kikapanda tena juu, kikashuka. Kisha mwanamke yule mkavu akaanza kucheka, na cheko likageuka kuwa kilio, na akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Zaituni," alisema. "Sabuni tu. Maji na sabuni tu. Mama alisema nitachimba hii kitu mpaka nizeeke, sasa angalia." Nikamtazama mtu aliyetoka kumzika mama yake, ambaye furaha yake ya pekee ilikuwa mwandiko wangu. Nikasema, "Ndiyo, Daktari." Ni maneno mawili tu. Nimeyarudia kichwani nikipika, nikiswali, nikisahihisha mitihani ya watu, na kila mara nayasema vilevile.

Habari njema zina mbio. Kesho yake Daktari alikuwa amewaandikia wakubwa wake, na wodi ikaambiwa isimdunge kila mtoto penisilini kwa ajili ya kitovu chekundu, maana wa mnyororo hawapo. Wangoje jibu la maabara. Wiki hiyohiyo akaja Nekesa. Alikuwa Mkenya, mfanyabiashara mdogo wa Bugembe, nje kidogo ya Jinja, akiwauzia chai na mandazi madereva wa malori wanaotoka mpakani Malaba. Kifungua mimba wake alikuwa na siku sita. Nilikwenda wodini kuchukua usaha, na aliponisikia nasema Kiswahili alifurahi kama aliyekutana na ndugu. "Afadhali wewe, dada. Hawa wengine wananiongelesha Kisoga nabaki nimeangalia tu. Huyu mtoto tangu jana amekataa kunyonya. Mwili ni moto. Ama nimempa baridi?" Nilimwambia atapona. Mtoto alikuwa na nywele nyingi, nyeusi, zilizolala upande mmoja. Niliotesha usaha wake kwenye kisahani kilekile chekundu cha damu ya Sajenti, huku najua. Hapo ndipo ningeweza kusema, na ilikuwa mapema, mchana mweupe, Daktari yuko chumba cha pili anakunywa chai. Nilijiambia kesho. Kisahani kikatoka kisafi, nikaandika, wakapewa maji ya chumvi ya kusafishia na kurudishwa nyumbani.

Siku ya nne walirudi, na kabla ya saa sita mchana mtoto alikuwa amekufa. Nilikuwa nimepeleka majibu mengine wodini, nikasimama nyuma ya pazia la kitanda, na nikasikia muuguzi mmoja akimwambia Nekesa, si kwa ukatili, kwa uchovu tu wa mtu aliyekuwa zamu tangu jana yake: "Mama, sisi tulisema nawa, nawa, nawa. Wewe nakanda mandazi, nashika pesa ya watu, halafu nashika kitovu. Sasa ona." Nilimsikia Nekesa akipumua. Pazia lilikuwa la kijani, lenye tundu dogo karibu na pindo, na nililitazama tundu lile mpaka akatoka na kifurushi chake. Mume wake alipata lori la kuwavusha mpaka, wakaenda kumzika kwao.

Habari zilimfikia Daktari. Alifungua friji, akatoa kichupa alichohifadhi bakteria wa mnyororo wa miaka iliyopita, akachoma kitanzi chake cha waya kwenye taa ya spiriti, na akawapanda wale bakteria kwenye kimoja cha visahani vyangu vilivyobaki. Asubuhi alikitoa kwenye kabati la joto. Kilikuwa kitupu kama sahani iliyooshwa. Akakiweka mezani kati yetu, kwa upole. "Kondoo alipata dawa?" aliuliza. Afande alikuwa mlangoni. Alinitazama mimi, kisha akatazama mbele, kwa kuwa hakuulizwa yeye na jeshini mtu hajibu swali la mwingine. Mimi nilisema sijui. Nilisema labda alikula kitu kule nyuma. Daktari akasema tu, "Sawa."

Aliwaandikia wakubwa wake tena, safari hii kwamba majibu yote ya mwezi ule ni batili na kosa ni lake, kwa kuwa maabara ni yake. Walimvua utafiti. Walimpeleka Mbale, kwenye chumba kimoja cha kupimia malaria na minyoo, kazi ambayo angeifanya akiwa amelala. Akaniuliza kama nitamfuata kumsaidia mpaka mwaka uishe. Sikuelewa kwa nini ananitaka. Nilikwenda kwa sababu kukataa kungehitaji maelezo. Afande alimchukua Sajenti akampeleka kwa rafiki yake kijijini Budondo, na aliponiaga aliniambia neno moja nililolielewa baadaye: "Madam, mimi nashika miguu tu. Ile ingine ni yako."

Mbale nililala kwake, nyumba ya chini ya Wanale, pamoja naye na dada yake Nambozo. Chumba changu kilikuwa cha kuhifadhia mahindi, na nilipoamka nilikuwa na punje kwenye nywele. Asubuhi ukungu ulishuka mwambani ukaingia hadi jikoni. Tulikula malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, yaliyopikwa kwa rojo ya karanga, pamoja na matoke. Mwanzoni nilikula kwa adabu tu, mwishoni nilikuwa nalamba mwiko. Walinitafutia birika langu la kutawadhia na hakuna aliyeligusa. Walinitendea wema kiasi cha kunichosha. Kila jioni Daktari alikiweka kile kitabu mezani, karibu na kalamu, akainuka kwenda kumsaidia dada yake kumenya ndizi, na kuniacha nacho. Nilidhani ni mazoea yake. Nilikisogeza kupisha sahani, nikala.

Walidhani pia sijui Kimasaba, lugha ya kwao. Lakini miezi mitano kwenye nyumba moja inaufundisha hata ukuta. Jioni moja nilikuwa napepeta maharage nyuma ya jiko, nikamsikia Nambozo akisema, "Kwa nini humwulizi tu? Wewe unajua ni yeye. Mpaka muuguzi alikwambia habari ya ile chupa." Na Daktari akajibu, "Nikimwuliza atasema uongo mara ya pili, na wa pili ni mgumu kurudisha. Namngoja. Ana mkono mzuri kuliko wangu. Ila kazi hii haimfai mtu asiyeweza kuandika jina lake karibu na kosa lake." Niliendelea kupepeta. Makapi yaliruka yakanijia machoni. Nilijua sasa kwamba anajua, na alijua mimi si mjinga, na bado tulikula pamoja jioni ile, na nyingine, na nyingine, mpaka Desemba. Watu husema siri ni mzigo. Siri niliizoea mapema. Kusubiriwa ndiko kulikonivunja mgongo.

Siku ya kuondoka alinisindikiza hadi barabarani, amenibebea mfuko wa kahawa. Aliniomba kitu kimoja. "Yule mama ya Bugembe. Mimi nilimtafuta, walisema ako Kenya. Akirudi, mtu amwambie mtoto hakufa kwa mikono yake. Wewe unapita pale. Mwambie." Nikasema ndiyo, kwa sauti ileile.

Nekesa alirudi Bugembe mwaka uliofuata. Nilimwona kwenye meza yake, palepale kando ya barabara kuu, karibu na mahali malori yanaposimama. Nikavuka upande wa pili. Nimevuka upande wa pili tangu hapo, nikiwa mwanafunzi, nikiwa bibi harusi, nikiwa na mimba, nikiwa mwalimu mwenye miwani na heshima zake. Kuna wakati nilijiambia amesahau. Kuna wakati nilijiambia ni kumtonesha kidonda. Nimejiambia mengi, na yote yalikuwa na sura ya huruma.

Baada ya maziko Nambozo alinishika kiwiko, akaniingiza ndani. Amezeeka, amekonda, lakini jiko lilikuwa lilelile na moshi uleule wa malewa. Alinipa kitabu kikiwa kimefungwa kwenye kanga. "Alisema upewe wewe," aliniambia kwa Kiswahili, polepole. "Alisema wewe utajua kurasa." Akanimiminia chai na kutoka. Nilizijua kurasa. Kila mstari wa mwandiko wangu wa mwezi ule ulikuwa umepigwa mstari mmoja, mwembamba, kwa rula, na maneno yangu yalikuwa yanasomeka chini yake mpaka la mwisho: mtoto wa Nekesa, siku sita, hakuna wa mnyororo. Pembeni, kwa mkono wa Daktari, kuliandikwa sababu: damu ya kondoo ilikuwa na penisilini. Hakuweka tarehe. Mahali pa jina palikuwa patupu. Hakuliandika langu, wala hakuliandika lake, yeye aliyekuwa radhi kupoteza kazi yake kwa kosa hilohilo. Nikalia sasa, kweli, na sikuwa na yule mama wa kitambaa.

Tarehe ni ya siku unaposahihisha, si ya siku uliyokosea. Hilo nalo nimelifundisha. Nikaandika ya Jumamosi ile. Nikaandika jina langu lote, herufi kwa herufi, na wino mpya ulionekana mweusi mno kwenye karatasi iliyogeuka rangi ya chai. Nambozo aliporudi alitazama, akaongeza sukari kwenye kikombe changu. Kesho yake niliposafiri kurudi, nilishuka Bugembe.

Alikuwa amejaa mwili, nywele nyeupe chini ya kilemba, chai inachemka, mandazi yamefunikwa kwa kitambaa safi. Kando ya meza kulikuwa na mtungi wenye bomba na kipande cha sabuni kwenye kamba. Kabla sijafungua mdomo alinisogezea kiti. "Leo hukuvuka," alisema.

Nikamwuliza kama ananijua.

"Wewe ni dada wa maabara. Huwa nakuona. Ukifika kwa ile nguzo unavuka. Miaka yote." Alipangusa meza iliyokuwa safi. "Nilikuwa nasema, ni haki yake. Alimshika mtoto wangu, akaona vile nilimchafua. Nani atataka kunisalimia?"

Nilimwambia yote. Nilimwambia habari ya Sajenti, ya chupa niliyoiba kwa jina la koo langu, ya visahani sitini, ya mwandiko wangu, ya muuguzi na pazia la kijani ambalo nilisimama nyuma yake nikiwa na ukweli mdomoni. Sikumwomba msamaha, niliona ni kumwongezea kazi. Alisikiliza bila kunitazama. Dereva mmoja akaja, akaagiza chai, na Nekesa akainuka kwa mazoea, akaenda kwenye mtungi, akafungua bomba. Alisimama pale, maji yakimpita kwenye vidole, vidole ambavyo ngozi yake ilikuwa imepauka na kuchanika kwa sabuni ya miaka yote ile. Watoto wanne aliozaa baadaye, aliniambia akiwa amenipa mgongo, hakuwahi kuwagusa vitovu. Alimwita jirani.

"Kwa hiyo haikuwa hii," alisema, akiitazama mikono yake.

"Haikuwa hiyo, dada."

Dereva aliuliza kama chai iko au haiko. Nekesa hakumsikia. Nikaenda nikafunga bomba, nikamimina ile chai mwenyewe, na yeye akabaki amesimama, mikono imeloa, ameinyoosha mbele yake kama vitu vyake vilivyopotea zamani, alivyorudishiwa leo.